Jiwe la Kumi na Tisa

Kitu cha kwanza nilichokiona ni sisimizi. Alikuwa akipanda jiwe la kaburi ambalo mimi nililiona tambarare kama sinia, mara akazama. Alitembea ndani kwa ndani, akakata kona, kisha akatokea upande wa pili. Nilipitisha ukucha pale alipozama. Palikuwa na mfereji mwembamba, nao haukuwa wa mvua.

"Mjomba," nilisema, "hapa pana herufi."

Mjomba Aboud alikuja akapiga magoti, akaweka uso karibu na jiwe hadi ndevu zikaligusa.

"Miaka hamsini napita hapa," alisema. "Nilidhani jiwe hili bubu. Umelisomaje?"

"Sijalisoma. Nimemwona sisimizi."

"Basi sisimizi kalisoma. Nyinyi wawili mmeniaibisha."

Tuliliandika kwenye daftari kuwa la kumi na tisa. Lilikuwa ndilo la mwisho.

Hiyo ilikuwa Koyama, kisiwa chetu kusini mwa Somalia, mwaka elfu mbili na kumi. Kismayu ilikuwa mikononi mwa wapiganaji wa bendera nyeusi, na kule walikuwa wameshavunja makaburi ya mji kwa nyundo na mitaimbo, wakisema watu wanayaabudu. Tulisikia wameanza na visiwa. Kwenye kisiwa cha Kudhaa mzee mmoja alilala juu ya kaburi la mamake ili lisiguswe. Walimvunja miguu yote miwili kwa nyundo ile ile, kisha wakamburuta kando na kuendelea na kazi.

Dadangu Shamsa, mtoto wa mamangu mkubwa, alikimbilia Mombasa na wazazi wake mwaka vita vilipoanza. Huko alipata kazi kwenye hifadhi inayoweka maandishi ya kale kwenye mtandao, mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kuyafungua bila kumwomba mtu ruhusa. Wenzake walianza na vigae vya udongo vya Iraki, vyenye alama kama misumari iliyochomekwa, navyo vilikuwa vikivunjwa na kuibwa vitani. Shamsa aliwaambia kwetu pia kuna mawe. Akatuma simu yenye kamera nzuri kwa mkono wa Ishaq, nahodha aliyekuwa akipeleka papa mkavu upande wa Kenya, pamoja na rula ya rangi nyeusi na nyeupe na barua ya maagizo.

Mimi niliacha shule darasa la nne, lakini barua ile niliisoma mpaka nikaihifadhi. Weka rula kando ya jiwe. Piga picha nne, mwanga ukitoka kulia, kushoto, juu na chini. Jua likilipiga jiwe usoni, herufi zilizochakaa hazionekani; mwanga ukipita ubavuni, kila mkato unajaa kivuli na herufi zinainuka. Kwa hiyo tulitumia kipande cha kioo cha kabati. Mimi nilikishika kikiwa kimelala chini kabisa nikalirusha jua juu ya jiwe, na Mjomba akapiga. Mwisho wa barua Shamsa aliandika kwa herufi kubwa: MSIGUSE. MSISUGUE, MSIPAKE KITU. MWANGA TU.

Mjomba aliongeza mambo mawili ya kwake. Kabla ya kupiga, alimsalimu mwenye kaburi, "Asalaamu alaykum, mwenye nyumba, tunaomba radhi." Baada ya picha ya nne aliweka kauri moja, yale makombe madogo ya pwani, juu ya jiwe, ili tusilirudie kwa makosa. Jiwe lenye kauri limemalizika. Lisilo na kauri bado.

Mkewe, Mwanalima, alitucheka. "Nyinyi na maiti wenu. Sisi tulio hai hamtupigi?"

"Mlio hai hamtulii," Mjomba alimjibu.

"Nitatulia siku moja, uje na kauri yako."

Walikuwa wakitaniana hivyo kila siku. Nilipenda kukaa kimya nikiwasikiliza. Ndio walionilea. Baba alipigwa risasi bandarini Kismayu kwa ajili ya injini ya boti, na siku ile ile Mjomba aling'olewa meno mawili kwa kitako cha bunduki. Aliyempiga alimwambia, "Nyinyi mlikuja na mtumbwi, rudini na mtumbwi." Mjomba hakuyasahau maneno hayo. Alikuwa akisema kwa Kibajuni chetu, "Mchu akiniambia tena nimekuja jana, nimfungulie mawe yale ayasome." Kuhusu nyundo hakuwa na hofu kama wengine. "Wakivunja, wavunje. Herufi zitakuwa zimeshavuka bahari."

Lakini jiwe la kumi na tisa lilikataa. Siku tatu mfululizo mbingu zilikuwa nzito, mvua za manyunyu, hakuna jua la kurusha. Kioo kilirudisha kijivu tu. Ishaq alikuwa aondoke Alhamisi baada ya alasiri, na kadi ya simu yenye picha ilikuwa lazima iende naye, kwa sababu kisiwani hapakuwa na mtandao, na simu yenye kamera ikikutwa kwako ni mijeledi.

Alhamisi adhuhuri Mjomba alikwenda msikitini. "Nikirudi tutajaribu mara ya mwisho," alisema. "Jua likikataa, basi tena."

Nilibaki peke yangu na jiwe. Nilifikiria namna Mwanalima anavyompaka mwari dalia, ule unga wa njano wa sandali na liwa, na namna unavyoingia kwenye kila mkunjo wa kiganja hadi ukaweza kuihesabu mistari yote. Nilikimbia nyumbani nikafungua kijaluba chake. Nilirudi na dalia ndani ya kitambaa, nikaimimina juu ya jiwe, nikaisugua kwa kiganja, kisha nikapuliza.

Herufi zikatoka karibu zote. Mistari minne ya njano, imesimama kama imeandikwa asubuhi ile. Nilipiga picha nne, nikaongeza ya tano. Kauri sikuiweka, nilitaka kwanza nichote maji kisimani nilioshe jiwe, ili Mjomba asijue nimekwenda kinyume na barua. Ningemwambia jua lilichomoza kidogo.

Ndoo ilikuwa bado kisimani niliposikia injini.

Zilikuwa mashua mbili za faiba, wanaume kumi na wanne. Risasi za kwanza walizipiga hewani na za pili walimpiga mbuzi wa Kaltuma aliyekuwa amesimama mlangoni. Nilichomoa kadi kwenye simu, simu nikaitupa kisimani. Kadi ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Niliiweka chini ya ulimi.

Walikwenda makaburini moja kwa moja, kama watu wanaojua njia. Tulisikia nyundo kwa muda mrefu. Matumbawe ya kale yakivunjika yanalia kama mifupa, mlio mkavu, kisha vumbi. Wakati huo wengine walipita nyumba kwa nyumba wakitutoa kwa vitako vya bunduki. Bwana mmoja aliuliza tunakwenda wapi, akapigwa mdomoni, akatema damu na jino. Walipotufikisha makaburini, mawe kumi na mawili yalikuwa yameshakuwa kokoto. Yalibaki saba. Walikuwa wameacha kazi na kulizunguka jiwe langu.

Kiongozi wao waliyemwita amiri alikuwa mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyechoka. Alipitisha kidole kwenye herufi akakiinua kikiwa cha njano.

"Hii nini?" aliuliza kwa Kisomali.

Mkalimani wao alikuwa Zubeiri, Mbajuni wa Kismayu. Zamani aliuza barafu bandarini na sote tulimjua. Alinusa kidole cha amiri akacheka.

"Dalia hii. Wanawake wetu hujipaka wakitaka waume wawapende."

"Kumbe kaburi linataka mume?" amiri alisema, na watu wake wakacheka. Yeye hakucheka. "Unga ni mbichi. Wamelipaka leo. Nani analiabudu jiwe hili?"

Zubeiri alitugeukia. "Wachu wa Koyama, mmesikia. Semeni upesi, mimi nina njaa."

"Wanawake watoe mikono," amiri aliamuru.

Walianzia mwisho wa safu. Zubeiri alitazama viganja, na mwenzake aliyeshika kipande cha mpira wa maji alipiga kila kiganja, kiwe safi kisiwe safi. Bi Kaltuma alipiga kelele mara moja. Mwanalima hakulia, aliuma leso. Mimi nilikuwa wa tisa. Nilikuwa nimekunja vidole ndani ya buibui, na chini ya kila ukucha palikuwa na njano.

Walipofika kwa wa saba, Mjomba alisema, "Waacheni. Ni mimi."

Zubeiri alimkaribia. "Wewe, Mjomba Aboud? Siku hizi unasinga makaburi?"

"Nalisinga."

"Kwa dalia ya nani?"

"Ya mke wangu. Nimemwibia."

"Mwongo!" Mwanalima alisema. "Huyu hajui hata kijaluba kilipo!"

"Nyamaza, mke wangu," Mjomba alisema kwa upole, kama anayeomba chai.

Walimvua shati wakamlaza kifudifudi juu ya kokoto za mawe waliyoyavunja. Walimpiga kwa mpira ule, wakibadilishana wawili. Pigo la kumi mgongo ulifunguka. Pigo la ishirini damu ilikuwa inaruka na kutua kwenye nguo zetu sisi wa safu ya mbele. Mtu mmoja nyuma yangu alitapika. Mjomba alianza kwa kumtaja Mungu kwa sauti, halafu akawa anatoa pumzi tu, halafu hata hiyo sikuisikia. Nilidhani amekufa. Lakini amiri alipoinua mkono, Mjomba alijisukuma akakaa.

Amiri alimtupia nyundo. "Yamebaki saba. Uliyapaka, sasa yavunje. Ukimaliza la saba nenda kwako ukaoge."

Zubeiri alitafsiri, ingawa sote tulikuwa tumeelewa. Akaongeza kwa lugha yetu, chini chini, "Umepona, Mjomba. Fanya upesi kabla hajabadili nia."

Mjomba alisimama kwa kuishika nyundo kama mkongojo. Alikwenda kwenye jiwe la kwanza. Juu yake palikuwa na kauri. Aliiondoa kwa vidole viwili akaiweka mchangani, akasema, "Tuwie radhi, mwenye nyumba," akapiga. Jiwe lilipasuka katikati. Watu walilia. Mimi sikulia, kwa sababu nilijua jiwe lile liko chini ya ulimi wangu, pande zake zote nne.

La pili lilikuwa na kauri. La tatu. Alikuwa akipiga kwa mkono mmoja, na kila akiinua nyundo ngozi ya mgongo ilifunguka upya, lakini niliona uso wake, na haukuwa uso wa mtu aliyeshindwa. La nne, la tano. Wale wapiganaji walianza kumhesabia kwa sauti, wakipiga makofi. La sita lilimchukua mapigo matatu.

Akafika kwenye jiwe la kumi na tisa.

Alilitazama juu, pembeni, mguuni. Alitafuta kauri. Hapakuwa na kauri. Aligeuka akanitazama mimi. Alianza na mikono yangu iliyojificha, kisha akapanda hadi usoni, akakaa hapo. Nilitazama chini.

Sijui alinisubiri muda gani. Niliona miguu yake mchangani, na damu ikishuka kisigino cha kushoto. Kisha nyundo ikalala kando ya miguu hiyo.

"Hili siwezi," alisema.

"Umevunja sita," amiri alisema.

"Nimevunja sita. Hili siwezi."

Zubeiri alimjia karibu hadi wakawa kama watu wanaonong'onezana msikitini. Hakuwa akicheka tena. "Mjomba, ni jiwe tu. Vunja twende zetu. Wallahi vunja. Mimi sitaki kuona."

"Una haraka gani?" Mjomba alimwambia. "Barafu yako inayeyuka?"

Bi Kaltuma alicheka. Alicheka kweli, sauti moja fupi, kisha akaziba mdomo kwa mkono uliovimba. Amiri hakuhitaji tafsiri. Alimnyooshea Zubeiri kidole, kisha akamnyooshea Mjomba. Zubeiri alisema kitu kwa Kisomali, cha kuomba. Amiri alimwekea bastola sikioni.

Zubeiri alipiga kwa bunduki yake mara ya kwanza akakosa shabaha. Risasi iliingia begani. Mjomba alikaa chini taratibu, ameegemea jiwe. Ya pili iliingia chini ya jicho. Kisha walilivunja jiwe wenyewe, yeye akiwa pale pale, na vipande vya njano vilimwangukia mapajani na tumboni.

Walichoma nyumba nne walipoondoka. Tulimwosha Mjomba kwa maji ya kisima kile kile nilimotupa simu. Unga ulikuwa umeingia kwenye majeraha, na Mwanalima aliutoa kidogo kidogo kwa ncha ya leso. Hakuniuliza kitu. Alinishika mkono akaulowesha ndani ya beseni, akanisugua kucha moja moja mpaka zikawa safi. "Dalia ni yangu," alisema, "na wewe ni mwanangu. Basi."

Tulizika, na jioni ile ile tukaingia kwenye mashua ya Ishaq, watu ishirini na watatu. Tulipokuwa tukitoka, mashua moja ya faiba ilirudi na kutufyatulia risasi. Ishaq alipigwa kwenye shavu la mguu akaendelea kushika usukani, akitukana. Mtoto wa jirani yetu alikufa mikononi mwa mamake bila kutoa sauti, na mama hakujua mpaka kulipokucha. Mwanalima aliziba matundu ya mashua kwa leso yake. Tulishuka Kiunga, tukapita Lamu, tukaishia Mombasa kwa Shamsa, chumba kimoja huko Majengo.

Kadi nilimpa Shamsa mkononi. Picha zote zilikuwamo. Mawe kumi na tisa, na la kumi na tisa ndilo linalosomeka kuliko yote. Wataalamu walilisoma siku ile ile. *Hili ni kaburi la Mwana Aziza binti Fumo Omari, aliyejenga kisima.* Mwaka umechakaa. Sasa liko kwenye mtandao, na watu wa kwetu walioko kambini, Ulaya na kila mahali wanalifungua kuliko mengine. Mmoja aliandika kwamba afisa wa uhamiaji alipomwambia Wabajuni hawana kwao, alimwonyesha jiwe hilo kwenye simu.

Chini ya picha Shamsa aliweka habari ya Mjomba. Aliandika kwamba alikataa kulivunja jiwe la Mwana Aziza kwa heshima ya mjenzi wa kisima chetu, na kwamba mpwa wake, msichana mwenye haya, aliihifadhi kadi chini ya ulimi hivyo hakuweza kusema neno. Wageni wanaokuja kwa Shamsa huomba wanione. Wananisifu. Mimi huenda kutia chai.

Ila Mwanalima hajaridhika hata siku moja. Huketi kwenye mkeka akasikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza lile lile. "Sita aliyavunja. Yale hayakuwa makaburi? Kati yake moja la bibi yake mzaa baba, na alilipiga kwa mkono wake. Hili lilikuwa na nini?"

Wageni humweleza habari za kisima. Huitikia kwa adabu. Wakishaondoka, hunitazama mimi.

Mwanalima, wewe hujui kusoma, kwa hiyo haya nitakusomea mimi mwenyewe, nikiweza. Mumeo hakujua jiwe lile ni la nani. Hakuna aliyejua siku ile. Alikataa kwa sababu halikuwa na kauri, akadhani herufi zake bado hazijavuka. Alinigeukia kuniuliza kama picha imepigwa, na nilimwelewa. Watu husema kadi ilinizuia, lakini kukubali kwa kichwa hakuhitaji ulimi. Angepiga pigo moja akarudi kwako na mgongo uliochanika, na wewe ungeupaka mafuta na kumtukana. Zubeiri alikuwa ananitazama, na kucha zangu zilikuwa za njano, nikataka wanisahau. Nilijua anachoniuliza, Mwanalima, na niliinamisha macho makusudi.